Nondo wa Pazia la Mbelwa

Siku ya Salamu ilipokucha, Sikudhani Shekiondo alikuwa tayari yuko juu kabisa, kwenye daraja la kamba la upande wa mashariki, mkanda wa kazi umembana kiunoni na tumbo halina kitu. Yeye ndiye aliyekuwa fundi mkuu wa Chandarua, wavu wa mapazia uliofunika mlima. Siku za kawaida kazi hiyo haina sifa. Watu humkumbuka fundi pakivuja tu. Lakini leo kijiji kizima cha Kwemvumo kingepanda huku na nguo za sikukuu, na kabla hawajafika alitaka kuliona kwa macho yake jambo lililokuwa likimkosesha raha tangu vuli.

Nao nondo walikuwa wameshafika. Jamani, walikuwa wameshafika!

Mapazia yote ya mashariki, toka kwenye majabali hadi usawa wa vilele vya miti, yalikuwa yamejaa nondo. Kwemvumo waliwaita nondo kitenge, na aliyewapa jina hilo apewe zawadi. Mbawa zao nyeusi tititi, zimepitiwa na mistari ya kijani ambayo ukisogeza kichwa kidogo inageuka dhahabu, ukisogeza tena inakuwa samawati. Mbawa za nyuma zina wekundu wa shaba iliyosuguliwa, na zinaishia kwa vimkia vyenye pindo jeupe, vinavyotetemeka hata kusipokuwa na upepo. Mgeni akiwaona hubisha kuwa ni vipepeo, maana wanaruka mchana kweupe na hawaoni haya. Ni nondo. Mbelwa, marehemu mumewe Sikudhani, alikuwa akisema ni nondo waliochoka kujificha.

Na rangi yenyewe haipo! Hilo ndilo lililokuwa likimmaliza Sikudhani. Saga bawa la nondo kitenge, utabaki na vumbi la kahawia, basi. Bawa limefunikwa na magamba madogo yaliyopangwa kama vigae vya paa, kila gamba limejikunja kidogo, na mwanga ukiingia humo unadunda huku na huku hadi unatoka ukiwa kijani au zambarau. Alikuwa amelitazama gamba moja kwa darubini zaidi ya mara moja, na kila mara alijikuta ametamka "Subhanallah" kwa sauti, peke yake kwenye karakana. Leo aliyaona magamba hayo yakiwa hai, maelfu kwa maelfu, jua ndiyo kwanza linapenya ukungu, na upande wote wa mlima ukawaka. Akasahau kilichomleta. Akabaki mdomo wazi, machozi yanamlenga, mtu mzima na funguo zake kiunoni.

Kisha akasogea karibu, akakumbuka.

Hakuna nondo hata mmoja aliyekuwa ametulia. Wote walikuwa wameelekeza vichwa nje. Miguu yao ilikuwa inakwaruza nyuzi, wakipanda, wakiteleza, wakipanda tena, na mbawa za waliotangulia zilikuwa zimechanika pembeni hadi pindo jeupe limeisha. Chini ya daraja, juu ya majani, walikuwa wamelala wale waliokwishachoka.

"Ee Mungu wangu," akasema Sikudhani. "Hawa hawaji kumsalimu mtu. Hawa wanatafuta njia."

*

Ambaye hakukulia Kwemvumo atauliza: si wafungue tu? Haya, na asikilize kwanza.

Nyika ya chini ilipokauka, watu wa wakati huo walitundika juu ya mlima chandarua cha nyuzi hai, nyuzi zilizooteshwa kwenye mapipa ya maabara, nusu kuvu nusu hariri ya buibui, zenye kunywa ukungu na kuushusha msituni usitoroke. Nyuzi hizo zinakula. Kila nyumba ina pazia lake, na kila asubuhi mtu wa nyumba hiyo hupanda kulipaka uji mwembamba kwa kiganja. Pazia likishalijua jasho la kiganja hicho, halimtii mwingine. Mafundi wa kwanza walilifanya hivyo makusudi, wahuni wasije wakalifumua. Filimbi ya fundi ndiyo inayoziambia nyuzi ziachiane, lakini bila mkono wa mlishaji, filimbi ni kelele tu.

Na mtu akifa, nguo aliyoipenda huchambuliwa nyuzi nyuzi, pazia la nyumba yake likalishwa. Pazia huchukua rangi ya nguo ile. La Mbelwa lilikuwa na kijani cha jezi yake ya mpira, jezi mbaya isiyo na mfano, na lilitundikwa pale mashariki kwenye pengo la majabali. Basi nondo walipokuwa wakijazana kwenye mapazia hayo kila mwaka, nani angewaza vingine? Wamekuja kuwasalimu marehemu. Watu wakaifanya sikukuu, wakaitungia nyimbo. Na nondo walipozidi kupungua mwaka hadi mwaka, lawama zote wakatupiwa vijana, kwamba hawajui kuimba.

*

Singano, mwenyekiti wa Kamati ya Chandarua, alimkuta Sikudhani chini kwenye kichaka cha midimu-msitu, amepiga magoti topeni. Alikuwa mzee mnene, amevaa kanzu ya sikukuu na kofia iliyofumwa na marehemu mkewe.

"Shikamoo, Mwenyekiti."

"Marahaba, fundi. Watu wanaanza kupanda, wewe unachimba viazi?"

"Njoo uone."

Akageuza jani. Viwavi wa nondo kitenge, wenye mistari ya manjano na nyeusi na nywele zilizovimba nchani, walikuwa wananing'inia kwenye nyuzi zao za hariri. Kiwavi huyo ukimgusa hujiangusha kwa uzi, kisha akiona salama hujipandisha. Hawa hawakujipandisha. Walikuwa wamekauka.

"Ugonjwa?" akauliza Singano.

"Sumu. Mdimu-msitu ukiliwa mno hukasirika, Mwenyekiti. Unatia sumu kwenye majani yake. Ikiwa kidogo, viwavi wanaitaka, ndiyo inayowafanya ndege wawateme. Ikizidi inawaua. Zamani majani yakishakuwa machungu nondo walihama, wakaenda kutaga msitu mwingine, na huku nyuma kichaka kikapoa hasira. Kisha wakarudi. Sisi tumewafungia humu na kichaka kilichokasirika tangu sijazaliwa."

"Wahame waende wapi? Huko nje kuna nini zaidi ya jua?"

"Kuna Mkongoro. Nilipotoka kuziba kwa nje nilikiona kile kilima. Kimeshika ukijani tena. Watu wa kule wamepanda, Mwenyekiti, na wamepanda bila chandarua."

"Wasipofika je?"

Sikudhani hakutaka kumdanganya. "Wengi hawatafika. Nyika ni pana na jua ni kali. Lakini wakibaki hapa watakwisha wote. Na wakiisha, nani ataichavusha miti ya ukungu? Maua yake yako juu angani, membamba, meupe, na ulimi unaofika ndani ni wa nondo hawa peke yao. Hebu nionyeshe mti wa ukungu hata mmoja ulio mfupi kuliko mimi."

Singano akatazama huku na huku msituni. Miti ya ukungu ilisimama mirefu, mizee, majani yake membamba yakidondosha matone. Ndiyo iliyokuwa ikiuchana ukungu na kuijaza chemchemi ya kijiji. Chini yake palikuwa na majani makavu tu. Mzee akavua kofia, akajipepea, ingawa kulikuwa na baridi.

"Nakuamini, mwanangu," akasema mwishowe. "Na maji yakipungua kwa tundu moja, tutakunywa kwa mgao, si mara ya kwanza. Hilo silihofii. Nahofia watu. Wewe unadhani wanapanda huku kila siku, na magoti yao mabovu, kulisha uzi? Wanalisha watu wao. Leo ukisimama ukawaambia nondo hawajawahi kumsalimu yeyote, kesho watabaki kitandani. Uzi utakaa na njaa, utaoza. Halafu Chandarua hakuna, msitu hakuna, na sisi hatupo."

"Kwa hiyo unasemaje?"

"Njia ya nondo ni pazia la mumeo, pale upepo unapotokea. Nalo linamtii mama mkwe wako. Leo ataweka mkono kama kila mwaka. Akishauweka, wewe puliza filimbi. Likifumuka, sema limechakaa, mimi nitakuunga mkono. Mama wa watu atalia, tutambembeleza, yataisha."

"Na mwakani?"

"Mwakani kuna nini?"

"Watakuwa wamelisuka upya, na kwa mapenzi yote. Nondo watakuta pamefungwa tena. Na mimi nitakuwa nimemtumia mama yule mkono wake kumfumua mwanawe, hajui."

Singano akavaa kofia yake. Alikuwa mtu mzuri, na hilo ndilo lililolifanya neno lake liwe zito. "Basi chagua, fundi," akasema. "Ila ukichagua, fikiria na hawa wanaopanda huko na watoto mgongoni."

*

Walipanda kwa vifijo, akina mama wamejifunga kanga mpya, wanaume wamebeba masufuria ya uji. Walipofika kwenye daraja na kuwaona nondo, kelele zote zikakatika. Ilikuwa hivyo kila mwaka. Uwe umeona mara ngapi, ukifika pale lazima unyamaze. Rangi ile ilipanda na kushuka kwenye mapazia yote, juu ya kijani cha Mbelwa, juu ya udhurungi wa Mwanahamisi mkewe Singano, juu ya rangi za marehemu wote wa Kwemvumo, na nyuso za watu zikapata madoa ya dhahabu na zambarau.

Mama Kaoneka, mama yake Mbelwa, alimjia Sikudhani na bakuli lake mkononi. Alikuwa mfupi, mkavu, mwenye ulimi usiolala.

"Umekonda, au ni huo mkanda?"

"Ni mkanda, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Muongo wewe. Hujala." Akachovya kiganja kwenye uji, akakiweka juu ya pazia la kijani, katikati ya mbawa, akaanza kuongea na mwanawe kama kawaida. "Haya, baba, wenzako wamekuja kukuona. Mkeo bado hajajifunza kupika. Mimi mgongo unanisumbua, lakini si sana. Waambie nimewaona, nimefurahi."

Nyuzi zikautambua mkono. Sikudhani aliona pazia likilegea kidogo, likisubiri. Filimbi ilikuwa tayari mdomoni mwake. Pumzi moja tu ilitosha. Kando, Singano alikuwa anamtazama, akamwashiria kwa kichwa taratibu apulize. Sikudhani aliogopa, na hakuona aibu kwamba anaogopa. Kama angekosea, wote waliosimama pale wangekosa maji.

Akaitoa filimbi mdomoni.

"Mama, nina neno. Naomba unisikilize mpaka mwisho."

Akamwambia. Hakupunguza wala hakupaka asali. Akaeleza kichaka, viwavi waliokauka, miti isiyo na miche, kilima cha Mkongoro. Akaeleza kwamba nondo hawakuwahi kuja kwa Mbelwa, walikuja kwenye pengo, na Mbelwa ndiye aliyelala mlangoni. Alisema kwa sauti ya kawaida lakini watu walikuwa kimya, kwa hiyo wote wakasikia.

"Rudia," akasema Mama Kaoneka.

"Hawajamsalimu, mama. Wanataka kutoka."

"Na mimi? Tangu tumzike mwanangu napanda hapa, kwa mvua, kwa homa. Narudi nyumbani moyo umetulia, nasema leo ameona watu. Sasa unaniambia alikuwa akisalimiwa na nani?"

"Hakuna mtu, mama."

Mnung'uniko ukapita darajani. Mwanamke mmoja akapiga yowe, akasema huyu fundi amerogwa. Mwingine akasema ashushwe. Mama Kaoneka hakuwasikia. Uso wake ulikuwa umekunjamana kwa hasira, na Sikudhani alijua kwamba akipigwa kofi hatalikwepa.

Nondo mmoja akateleza kutoka juu, akaangukia kifundo cha mkono wa mama mkwe. Bawa lake moja lilikuwa limebaki nusu. Akapanda juu ya kidole, akafika kwenye uzi, akaanza kusukuma. Mama Kaoneka akamtazama. Akamwinua taratibu kwa vidole viwili, akamgeuza, akamweka aangalie msituni, kwenye maua, kwenye kivuli. Nondo akageuka, akarudi kwenye uzi, akasukuma. Akamgeuza tena. Akarudi tena. Akamwekea mkono mbele, kumzuia. Nondo akauzunguka mkono, vimkia vinatetemeka, akatafuta tundu upande wa pili.

"Kumbe wewe hunioni kabisa," akamwambia nondo, kwa upole. "Wala humwoni yeye."

Kisha, bila kugeuza kichwa: "Puliza."

"Mama, likifumuka halirudi. Rangi yake inaondoka na maji. Hata tukisuka jingine halitakuwa yeye."

"Nimekusikia mara ya kwanza, si kiziwi. Puliza kabla sijageuza nia."

Sikudhani akapuliza.

Pazia la Mbelwa likaachia kutoka katikati, nyuzi zikajirudisha moja moja, kijani kikachuruzika kwenye vidole vya mama yake na kudondoka chini. Upepo wa nyika ukaingia, mkavu, wa moto, una harufu ya vumbi na majani yaliyoungua. Watoto wakaanza kulia. Ukungu ukavutwa kupitia tundu ukatoka, na nje yake ikaonekana nchi ambayo wengi wao hawakuwahi kuiona: nyika nyeupe hadi macho yanachoka, na mbali, mbali sana, kilima kidogo cha kijani.

Nondo wakasita. Kwa muda mfupi hakuna aliyesogea, na Sikudhani akadhani amekosea kila kitu. Kisha yule mwenye bawa nusu akatembea kwa miguu hadi ukingoni, akajirusha.

Wote wakamfuata. Walitoka kwa wingi kiasi kwamba tundu likasakamwa. Wakasukumana, wakaanguka kwa mafungu, mbawa zikavunjika, na walioanguka wakakanyagwa na wenzao. Njia ilikuwa nyembamba mno. Sikudhani akajaribu kuwaondoa kwa mikono, mikono miwili itafanya nini? Akapiga kelele kwamba pazia moja halitoshi, lakini alikuwa anamwambia nani? Watu walikuwa wamerudi nyuma, kila mmoja amesimama mbele ya mtu wake, amelikinga pazia kwa mgongo.

Ndipo Singano akapita katikati yao, anahema, anajishika kamba. Akasimama mbele ya pazia la udhurungi la Mwanahamisi, lililopakana na la Mbelwa. "Samahani, mke wangu," akasema, akaweka kiganja. "Fundi! Unangoja nini?"

Filimbi ikalia mara ya pili, na njia ikawa pana.

Ee, waliyoyaona waliokuwepo siku ile hayaelezeki! Mto wa nondo ulipita juu ya vichwa vyao kwa mvumo wa mvua inayokuja, mvumo ambao mtu hakudhania kiumbe laini vile anaweza kuutoa. Huko nje hapakuwa na ukungu wa kupunguza mwanga, na jua kamili lilipowapata kwa mara ya kwanza wakawa rangi ambazo hata Sikudhani na darubini yake hakuwa na majina yake. Wakapanda juu, wakajikusanya, utepe mmoja mrefu wenye kuwaka na kuzimika kila ulipogeuka, ukaelekea kule kwenye kilima. Hakuna aliyeuonyesha njia. Vizazi na vizazi walizaliwa wakafia ndani ya Chandarua, na bado waliijua. Yule mwanamke aliyesema ashushwe alikuwa amekaa chini kwenye mbao, mikono kichwani, anatazama.

Utepe ukawa uzi, uzi ukapotea. Joto likabaki. Baadhi ya watu wakaanza kushuka bila kumwangalia fundi, na mmoja alipopita akatema mate kando. Wengine walibaki mbele ya mapazia yao na masufuria ya uji, hawajui walishe au warudi nao nyumbani. Singano alikuwa amesimama peke yake kwenye pengo lake, kofia mkononi.

Mama Kaoneka alikaa ukingoni mwa tundu, viganja vyake vya kijani vimelala mapajani.

"Kesho asubuhi nitaamkia nini?" akauliza.

Sikudhani akaketi kando yake. Alitafuta la kumwambia. Kulikuwa na vichaka vya kutunza, miche ya kungojea, tundu la kulinda wasije wakaliziba. Yote yalikuwa kweli, na hakuna hata moja lililojibu alichoulizwa.

"Sijui, mama."

"Afadhali," akasema mama mkwe wake. "Ungesema unajua, ningekuzaba kofi hapa hapa."

Kisha akamwegemea begani akalia kwa sauti, na Sikudhani naye akalia, jua la nyika likiwapiga wote wawili usoni.